Maji Yajengayo na Kubomoa

Mwaka 1952 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichemsha maji ndani ya chupa, akachanganya mvuke wake na methani, amonia na haidrojeni, kisha akapitisha cheche za umeme. Baada ya siku chache maji yakageuka rangi, na ndani yake zikapatikana amino asidi, yaani matofali ya protini.

Lakini matofali si nyumba. Ili amino asidi mbili ziungane, sharti molekuli moja ya maji itoke kati yao. Nazo zikizama majini, maji huweza kurudi na kuuvunja muungano ule. Ajabu kweli! Kitu kile kile tusichoweza kuishi bila yake ndicho kibomoacho. Wataalamu wengine hudhani kwamba palikuwa na vidimbwi vilivyokauka na kujaa tena mara nyingi: vikikauka, viungo hushikana, vikijaa, huchanganyika upya.

Wako Wakristo waifurahiao shida hiyo, wakisema hapo ndipo Mungu alipotia mkono. Mimi naiogopa furaha ya namna hiyo. Je, dimbwi likifanikiwa kesho, Mungu wao atahamia wapi? Tena si haki kutamani jirani ashindwe katika kazi yake ya kweli ili imani yetu isimame. Aliyeyaumba maji aliyaumba na tabia zake zote, hata hiyo ya kubomoa. Kijana akiuliza jambo hili katika darasa la Kipaimara, mwalimu asimkaripie. Amweleze habari za chupa ile, pamoja na shida yake.