Mwindaji, Nyama na Santuri

Kugawa ni mtihani mkubwa kuliko kuchuma. Katika wilaya ya Karatu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe ambao baadhi yao wangali wakiishi kwa uwindaji, asali na matunda ya porini. Mmoja wao akiangusha mnyama mkubwa, nyama si yake peke yake: kambi huijia, na watu huona inavyokatwa. Mshale ulikuwa wa mmoja. Chakula ni cha wengi.

Mpiga muziki naye ni mwindaji, na windo lake ni wimbo. Aghalabu yeye hupiga, mfanyabiashara akauza. Lakini siku afunguapo kampuni yake ndogo ya santuri, huwa mwindaji na mgawaji kwa wakati mmoja. Je, wenzake wanamdai haki gani?

Joseph Kabasele wa Kongo alianzisha Surboum African Jazz mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa nchi yake. Mwaka 1963 Nico Kasanda na Tabu Ley Rochereau walimwacha, wakaunda African Fiesta. James Brown, bingwa wa muziki wa fanki huko Marekani, aliachwa na karibu bendi yake yote mwaka 1970 kwa ugomvi wa ujira. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni ya santuri, People. Wote wawili walilijua jasho la jukwaani.

Mwenye kampuni ana hoja. Yeye hulipa studio na kiwanda, na santuri isiponunuliwa hasara ni yake. Ahatarishaye mali astahili fungu kubwa zaidi. Lakini ukubwa wa fungu si kiini cha shauri. Nyama hukatwa mbele ya macho. Hesabu ya santuri mara nyingi hufanywa faraghani. Mpiga gitaa hajui zimeuzwa ngapi, huambiwa tu. Hapo ndipo dhuluma huanza, hata kama alichopewa ni halali, kwa kuwa aliyenyimwa hesabu amenyimwa uwezo wa kuridhika.

Mfanyabiashara asiyepata kushika chombo aweza kujikinga kwa methali: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msanii hana kinga hiyo, maana njaa aliijua. Deni lake, basi, ni kufungua daftari mbele ya wenzake kabla hawajamwomba. Akifanya hivyo, hata fungu dogo litapokewa bila kinyongo.