Je, ni kosa kumtunza paka mzee?

Shangazi yangu anakaa Liège, katika nchi ya Ubelgiji. Mwezi uliopita alituletea habari iliyozusha mabishano nyumbani. Amempokea paka wa miaka 13, mpole, asiyeona vizuri, tena asiyeweza kukamata panya hata mmoja.

Kule Ulaya ziko nyumba za kupokea wanyama walioachwa. Nyumba ya Battersea, mjini London, ilianzishwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na tangu 1883 ikapokea paka pia. Nafasi ikikosekana, au mnyama akiogopa kelele, hupewa jamaa fulani imlishe kwa muda, mpaka apatikane mtu wa kumchukua kabisa. Paka wadogo huchukuliwa upesi. Wazee hungoja sana, maana mara nyingi meno na figo zao zimeharibika, na dawa ni ghali. Huyu wa shangazi alikuwa mali ya bibi kizee aliyehamia katika nyumba ya wazee, ambako hawakubali wanyama.

Kaka yangu alikasirika, akasema: «Sisi tunahangaikia pesa za shule ya watoto, naye analisha paka!» Nami, niseme kweli, nilimkubalia.

Basi, je, shangazi amekosa? Tupime neno hili polepole.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2416 hadi 2418, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, nasi tunapaswa kuwatendea wema. Kuwatesa bure ni kosa. Lakini yaonya pia: si haki kuwatumilia fedha inayopasa kwanza kupunguza taabu ya watu. Kwa hiyo swali la kaka ni la haki. Kama shangazi angewanyima watoto ili amshibishe paka, angekosa.

Lakini nilipohesabu, niliona kwamba mwaka huu hakukosa hata mara moja kutuma pesa za shule. Chakula cha paka anakitoa katika posho yake mwenyewe. Tulikuwa tunanung'unikia nini basi?

Kaka akajibu: «Angalau angechukua mdogo, amwindie panya.» Hapo ndipo niliposhtuka. Anayemlisha paka kwa sababu ya panya amefanya biashara. Biashara si dhambi, lakini isiitwe huruma. Huruma huonekana pale ambapo hakuna malipo. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu anayezoea kuwahurumia wanyama huwa mwepesi zaidi kuwahurumia watu. Ikiwa ni hivyo, basi anayezoea kutupa kisichofaa tena atafanya nini siku mtu atakapoonekana hafai?

Msiniambie kwamba paka ni sawa na mtu. Sivyo. Wako wanaobembeleza mnyama na kumsahau mama yao. Hao wamepindua mambo. Lakini sisi je? Huku kwetu mjane akizeeka, macho yakiwa mekundu, watu huanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Wengine hufukuzwa, na paka wao hupigwa mawe.

Nyuma ya nyumba yetu anakaa bibi wa namna hiyo. Kila siku mimi na kaka tulimpita, na mimi ni katekista! Tulikuwa tumekwisha mhukumu shangazi kwa ajili ya watu wenye shida, na mwenye shida yuko hatua ishirini tu kutoka mlangoni petu.

Jumamosi tulimpelekea maji. Kaka ndiye aliyebeba bidoni. Bibi alituuliza mara mbili kama hatukukosea nyumba.

Wakristu wenzangu, kabla ya kuhesabu huruma ya mwingine, tuhesabu kwanza yetu.