Ukoka wa Kiangazi na Suala la Amana

Katika fikra ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyolea kwa sehemu kubwa maadili ya miji ya mwambao kuanzia Lamu hadi Kilwa, mwenye ardhi hahesabiwi kuwa mmiliki kwa maana kamili ya neno hilo, bali ni mtunza amana, yaani mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwingine akitumie na kukihifadhi mpaka kitakapodaiwa. Kanuni hiyo hukubaliwa bila taabu inapozungumziwa misitu na mito. Ugumu huanza inaposhushwa hadi kwenye kiwanja kilicho mbele ya nyumba, chenye michungwa miwili, tuta la mchicha na zulia la ukoka ambalo mwenyewe angependa libaki kijani mwaka mzima. Je, kijani hicho cha kudumu kina kasoro yoyote ya kimaadili, iwapo maji yamelipiwa na hakuna jirani aliyelalamika?

Jibu linalotangulia kutolewa ni lile la israfu, yaani kutumia kitu kupita haja. Wenye kulitoa hukumbusha kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho Waswahili hukilinganisha na kibaba na ambacho hakifiki lita moja. Hesabu ya bustani nayo iko upande wao, kwani milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, hivyo ukoka wa mita za mraba 100 ukimwagiliwa milimita 5 kwa siku humeza lita 500, ambazo ni ndoo 25 za lita 20, kila siku ipitayo bila mvua. Hata hivyo hoja hii peke yake haitoshi, kwa kuwa haisemi haja ni nini. Uzuri nao ni haja ya binadamu, na Kurani, katika Sura ya An-Naml, inayahesabu mabustani yenye kupendeza miongoni mwa mambo yanayomdhihirisha Muumba. Anayeiona bustani ya kufurahisha macho kuwa upuuzi ana deni la kueleza kwa nini Pepo yenyewe, kwa Kiarabu, inaitwa bustani.

Msingi ulio imara zaidi umo katika kisa cha mwenye bustani mbili, kinachosimuliwa katika Sura ya Al-Kahf. Mtu huyo alijaliwa mizabibu iliyozungushiwa mitende, mimea ya nafaka katikati na mto uliopita ndani yake, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa wingi wa miti yake au kwa maji yaliyoinywesha. Kosa lake lilikuwa kauli: aliingia bustanini akijitapa, akadai kwamba hadhani mali ile ingetoweka kamwe wala kwamba Kiyama kingesimama. Kwa maneno mengine, alichokikana ni wakati. Inafaa kuzingatiwa pia kwamba mwenziwe, katika kumwonya, alitaja uwezekano wa maji yale kudidimia ardhini asiweze tena kuyafikia, onyo ambalo wakazi wa mwambao wanalielewa bila tafsiri, kwa sababu kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi maji matamu hushuka na maji ya chumvi hujipenyeza mahali pake.

Ukoka unaolazimishwa kuwa kijani mwezi wa Februari unarudia kauli ya mtu yule, ila kwa mpira wa maji badala ya ulimi. Majani hayo kwa tabia yake hayafi upesi kwa ukame. Hukauka juu, yakageuka rangi ya mchanga, huku uhai ukijihifadhi katika mashina yatambaayo na yale yaliyo chini ya udongo, tayari kuchipua mvua ikirudi. Kurani inaitumia mara kadhaa ardhi iliyokufa kisha ikahuishwa kwa mvua kuwa dalili ya ufufuo, na si kutia chumvi kusema kwamba mwenye kuificha kahawia ya kiangazi anajinyima somo lililo mlangoni pake.

Kwa hiyo utunzaji unaofuata majira si mbinu ya kubana matumizi tu, bali ni namna ya kukiri. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ukoka hukua kwa kasi, na busara ni kuukata mara kwa mara bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, kisha kuyaacha mabaki palepale, kwani yakioza huirudishia ardhi naitrojeni iliyoyapa. Desturi ya kuyafagia na kuyachoma, halafu kununua mfuko wa mbolea ili kujaza pengo lililoachwa na moshi, ni ya ajabu kidogo ikitazamwa kwa jicho la amana. Kipupwe ni cha kupogoa na kurundika mboji. Vuli ni ya kupanda miche. Kiangazi kinapokaribia hutandazwa majani makavu kuzunguka mashina ya miti ili unyevu usitoroke, na ukoka huachwa ulale.

Inaweza kupingwa kwamba umwagiliaji ni halali tangu zamani, na pingamizi hilo ni la kweli. Fikihi hata inaupunguzia mzigo, kwa kuwa zaka ya mazao ya mvua ni sehemu 1 ya 10, ilhali ya yale yanayonyweshwa kwa gharama ni sehemu 1 ya 20. Lakini fikihi hiyohiyo inatofautisha haki ya kiu, ambayo ni ya watu na wanyama, na haki ya kunywesha mimea, ikiitanguliza ya kwanza. Mwaka 2022, vuli ilipochelewa na maji ya mto Ruvu yakapungua hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgao, tofauti hiyo ilionekana mitaani, kwenye foleni za madumu. Tuta la mchicha na mche wa mwembe uliopandwa juzi vina madai yanayoweza kutetewa hata katika msimu wa namna hiyo, kwa kuwa vikikosa maji hufa. Ukoka hauna dai hilo: mvua ya kwanza ikinyesha, vifundo vya mashina yake vitachipua vyenyewe kabla mwenye nyumba hajakumbuka alikoweka mpira wa maji.