Adabu ya Mgeni Mbele ya Chakula Asichokizoea

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: kuna suala ambalo watu hulidhani dogo, nalo si dogo. Mgeni akiwekewa chakula ambacho nafsi yake haikitaki, na mwenyeji amejitaabisha kwa ajili yake, je, ale hali akikereka, au aseme kweli amvunje moyo mwenziwe?

Mfano wake ni mtu wa pwani hizi aliyealikwa siku ya Idi katika nyumba ya Waislamu wa Dhaka, katika nchi ya Wabengali. Safari hiyo si ngeni: Ibn Battuta aliyeshuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alifika na Bengali miaka kiasi cha 15 baadaye. Asubuhi ya Idi mgeni huyu huletewa semai, nazo ni tambi zilizopikwa kwa maziwa na sukari, na moyo wake hufurahi, kwani tambi za Idi azijua tangu utoto. Lakini huenda baadaye akaletewa samaki wa mtoni, na kwa aliyezoea samaki wa bahari, huyo hunuka tope. Naye amepikwa kwa haradali ipandayo puani. Tena kichwa cha samaki, ambacho kwao ni heshima, kikatengwa kwa ajili yake. Mwenyeji hutia kwa mkono wake, na sahani ikipungua huongeza. Na mgeni akisema basi, hudhani ni haya tu.

Asemaye kuwa haki ni ya mwenyeji anayo hoja. Nabii Ibrahim, amani imshukie, aliwaandalia wageni wake ndama wa kuchoma, na alipoona mikono yao haikifikii chakula, aliingiwa na khofu juu yao. Basi mkono usionyooshwa humsemea mtu maneno ambayo hakuyakusudia.

Na asemaye kuwa ukweli ni mbele, naye anayo hoja. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, asiile. Alipoulizwa kama ni haramu, alisema si haramu, ila haikuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haiitaki. Khalid bin al-Walid akaivuta akaila, naye Mtume akimtazama.

Katika kisa hiki mna mafundisho matatu. La kwanza, sababu aliiweka katika nafsi yake, hakuiweka katika chakula; na imethubutu kwamba hakupata kukitia ila chakula kabisa. La pili, hakumzuia mwenziwe kwa kuwa yeye hakitaki. La tatu, hakusema uwongo ili apendeze.

Basi mgeni na apime. Ikiwa karaha yake ni ndogo, na ale kidogo. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kwamba mwenye saumu ya sunna, ikiwa saumu yake yamtaabisha mwenyeji, bora kwake ni kufungua. Ikiwa ibada huachwa kwa ajili ya moyo wa mwenyeji, itakuwaje ulimi usivumilie tonge mbili za haradali? Na ikiwa hawezi kabisa, na akatae kabla ya kutiwa, si baada ya kukichovya vidole. Wala asikisifu kwa uwongo, kwani atakayesema hajala kitamu kama hicho ataongezwa kicho hicho, na malipo ya uwongo wake yatakuwa sahanini mwake.

Tena akumbuke kwamba chakula alichowekewa si mali yake. Ameruhusiwa kukila tu, na kupita kiasi cha shibe katika mali ya mwenziwe pasipo kujua ridhaa yake ni haramu. Ulimi wa mwenyeji husema kula, na huenda nyuma ya pazia wako waliopika tangu alfajiri nao hawajaonja. Kichwa cha samaki kilichoachwa kikiwa safi hakipotei. Humrudia mmoja wao.

Na mwenyeji naye asimshurutishe mgeni. Imamu Ghazali amefundisha katika Ihyaa kwamba asizidishe kumwambia kula zaidi ya mara tatu. Kukirimu ni kumpa mgeni raha, na atakayelazimishwa hana raha.

Basi jawabu ni kwamba ukweli na heshima havigombani. Mgeni aseme kweli juu ya nafsi yake, na aseme wema juu ya mwenyeji wake, na amwombee baraka katika riziki yake, ameila au hakuila. Wallahu aalamu.