Unyenyekevu haulazimishwi



Ukianzisha "Malaika" kwenye sherehe yoyote hapa Kilwa Masoko, watu wataitikia. Uliza sasa ni wimbo wa nani. Wengi watamtaja Miriam Makeba, na wengine Boney M. Ni kweli waliuimba: Makeba aliurekodi na Harry Belafonte katika albamu iliyotoka 1965, na Boney M wakaurudia 1981. Lakini kabla yao wote, Mkenya Fadhili William alikuwa ameshaurekodi Nairobi. Dunia ikaujua wimbo, yeye ikamjua kidogo tu. Na wimbo wenyewe, si unajua, ni wa kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa fedha!

Hapo kuna swali ambalo vijana wa kwaya hatulikwepi: je, kuna ubaya gani? Wimbo si umefika mbali? Na sisi Wakristo si tumefundishwa tusitafute sifa? Yesu alisema tukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue kazi ya mkono wa kulia. Yohane Mbatizaji alifurahi kupungua ili Kristo azidi. Basi mtunzi anayelilia jina lake, huyo si ana majivuno?

Hebu tutulie kidogo hapo. Yohane alijishusha mwenyewe. Aliyekuja kumnyamazisha kwa nguvu ni Herode, na tendo la Herode hakuna anayeliita unyenyekevu. Ni dhuluma. Kwa hiyo mimi nasema hivi: unyenyekevu ni zawadi, na zawadi anaitoa mwenye mali. Mimi naweza kuficha jina langu kwa ajili ya Mungu. Siwezi kuficha la kwako halafu nikuhubirie unyenyekevu.

Tazama yaliyompata Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube" na kundi lake, Evening Birds, huko Johannesburg, na haki za wimbo akaziachia kampuni kwa malipo madogo sana. Sauti ile ilivuka bahari. Marekani kundi la The Weavers likauimba kwa jina la "Wimoweh", na 1961 The Tokens wakatamba nao kama "The Lion Sleeps Tonight". Baadaye ukaingia kwenye filamu ya The Lion King, 1994. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Familia yake ilifungua kesi 2004, na makubaliano yakapatikana 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

Mtume Yakobo anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinamfikia Bwana. Hakusema wavunaji wale wavumilie kimya ili wawe wanyenyekevu. Wimbo nao ni kazi ya mikono na ya kifua. Amri ya saba inaugusa pia.

Lakini amri ya nane nayo ipo, tusikimbie kutoa hukumu. Hata "Malaika" ina mgogoro: wapo waliodai kuutunga kabla ya Fadhili, akiwemo Adam Salim. Aliyerekodi wa kwanza si lazima awe ndiye aliyetunga. Kwa hiyo kumtetea mnyonge kusitufanye tutangaze kwa uhakika jambo ambalo bado lina ubishi.

Je, basi tusiimbe nyimbo za wenzetu? Hapana jamani! Makeba aliifikisha lugha yetu mahali ambapo wengi hawakuwahi kuisikia, na hilo ni jambo la kushukuru. Katika Injili ya Yohane, Yesu anazungumzia apandaye na avunaye, kwamba wafurahi pamoja. Pamoja, ndugu zangu. Mvunaji akila sikukuu peke yake, ile furaha si ya Injili tena.

Sisi watu wa Kilwa tunalielewa hili kwa macho. Vuka kwenda Kisiwani uyaone yale magofu. Masultani tunawataja kwa majina, na majina yao yaliandikwa hata kwenye sarafu. Fundi aliyechonga yale mawe ya matumbawe, nani anamjua? Kwake tumeshachelewa. Kwa mtunzi aliye hai bado hatujachelewa.

Basi tuanzie kanisani kwetu. Karatasi ya nota ikitolewa kopi, jina la mtunzi lile la juu pembeni lisikatwe. Likiwa limekatika, ulizeni mwalimu wa kwaya, muliandike kwa kalamu. Mkiweka video mtandaoni, mtajeni mtunzi. Mkitaka kurekodi na kuuza, muombeni ruhusa kwanza, na kikipatikana kitu, akumbukwe. Msipomfahamu mtunzi, andikeni "mtunzi hatujamfahamu". Hiyo nayo ni kweli. Msiandike "wimbo wa asili" kwa sababu tu hamkuuliza.

Na wewe mtunzi kijana, ukitaka kuficha jina lako kwa ajili ya utukufu wa Mungu, lifiche kwa furaha. Ila uamuzi huo uwe wako.

Tuombe: Ee Mungu, uliyetuita kila mmoja kwa jina, utufundishe kuyaficha ya kwetu na kuyatunza ya wenzetu. Mtakatifu Sesilia, utuombee. Amina.