Sensa Iliyosoma 101 Mjini Mbeya

Pikapu ya dizeli ya mama mmoja mfanyabiashara wa Mbeya ilianza kukosa nguvu milimani. Kwenye tambarare ilikwenda bila shida, lakini ikipewa mzigo na kilima ilizubaa, taa ya injini ikawaka, na dereva hata akikanyaga mafuta hadi mwisho haivuti. Fundi alichomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu, ikatoa P0299, yaani upepo wa turbo hautoshi. Kodi hiyo haitaji kifaa kilichokufa. Inataja upungufu tu, na upungufu huo unaweza kutoka kwenye mpira wa interkula uliochanika, klempu iliyolegea, turbo iliyochoka, waya uliokatika au sensa inayodanganya. Fundi alianza na sensa, ile inayopima mgandamizo wa hewa iingiayo kwenye injini. Kuanza nayo hakukuwa na ubaya, kwa kuwa inafikika kwa urahisi na kipimo chake cha kwanza hakina gharama. Ubaya ulikuwa katika kuisoma namba.

Alifungua swichi bila kuwasha injini, mashine ikaandika kPa 83, yaani kilopaskali, kipimo cha mgandamizo.

"Mama, sensa hii imekufa," alisema. "Injini ikiwa imezimwa inatakiwa isome mia moja na moja. Angalia, ipo themanini na tatu."

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Tubadilishe tu, mama. Haina matengenezo hii."

Akaleta sensa ya mtumba iliyotoka kwenye injini nyingine. Soketi iliingia sawasawa, matundu ya skrubu yakalingana. Alipofungua swichi tena namba ikawa 101. Akamwonyesha mama namba ile kwa furaha ya kweli, akafuta kodi, akalipwa pesa yake.

Hapa kila fundi wa nyanda za juu na kila mwenye gari atulie kidogo. Ile 101 inayoandikwa vitabuni ni mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari. Ni namba ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Ukipanda, hewa hupungua, kwa makadirio kPa 1 kwa kila mita 90 hivi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Ondoa kPa 18 au 19 kwenye 101 uone unabaki na ngapi. Nairobi nayo iko karibu na urefu huohuo, kwa hiyo hata fundi wa kule asitegemee 101. Geji ya turbo inayofungwa kwenye dashibodi huanzia sifuri, ila sensa hupima mgandamizo wote, ukiwemo wa hewa hii tunayoivuta. Injini ikiwa imezimwa, sensa nzima hukutajia hewa ya mahali uliposimama, basi.

Kwa hiyo sensa iliyotupwa ndiyo iliyokuwa nzima. Iliyosifiwa ilizidisha kila kipimo kwa zaidi ya asilimia 20, kwa sababu ilitengenezwa kwa injini yenye kipimo kingine. Kila sensa ina jedwali lake la volti na mgandamizo, na kompyuta ya gari hutafsiri volti hizo kwa jedwali inalolijua yenyewe. Sura ya sensa na soketi yake havikwambii chochote kuhusu jedwali hilo. Kinachokwambia ni namba ya spea iliyochapwa mgongoni.

Magari mengi mapya yana sensa nyingine ya hewa ya nje, na kompyuta ingeona mara moja kwamba mbili hizi hazipatani. Pikapu hii ilitegemea hiyohiyo moja. Asubuhi swichi ilipofunguliwa, kompyuta iliamini kwamba gari liko pwani. Barabarani turbo ikileta kPa 150, kompyuta ilisomewa zaidi ya 180, ikaridhika na kumwaga mafuta ya hewa ambayo haikuwamo. Taa ya injini haikuwaka tena. Wakati huohuo tatizo lenyewe, mpira wa interkula uliochanika upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kulala mvunguni, liliendelea kama lilivyokuwa. Mpasuko huo ulijifunga injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na kufunguka upepo ulipojaa, ndiyo maana gari lilisumbua kwenye vilima pekee.

Dereva aliona moshi mweusi. Alimpigia mama simu akamweleza, naye akamuuliza kama taa imewaka. Haikuwaka. Wakakubaliana aendelee.

Pikapu ikafika Dar na mzigo wa viazi. Kama mtu angefungua swichi pale akasoma namba, angekuta kama 123, mgandamizo ambao hewa huru haiufikii popote watu wanapoishi. Hakuna aliyesoma. Ikapakiwa saruji, ikapita Morogoro na Mikumi, ikafika Ruaha Mbuyuni jua likiwa kali, kisha ikaanza kupanda Kitonga. Injini ya dizeli inayopewa mafuta mengi kuliko hewa hutoa moshi mweusi na joto kali kwenye ekzosi, na kwenye mpando mrefu wenye mzigo joto hilo halipati nafasi ya kushuka. Mshale wa joto ulipopanda, dereva alikuwa katikati ya kona, na malori yalikuwa nyuma yake. Alipopata pa kusimama, silinda hedi ilikuwa imeshapasuka.

Pikapu ilipofikishwa Iringa, fundi wa huko, mtu mzima mwenye subira, hakuanza na spana. Alifungua swichi, akasoma: 103. Iringa iko mita 1,550 hivi, na hewa yake ni 84 au 85. Akapima waya tatu za sensa kwa mita: wa umeme ulikuwa na volti 5, wa ardhi ulikuwa safi, na wa tatu ulipeleka kwenye kompyuta volti zilezile alizozipima kwenye soketi. Waya hazikuwa na hatia. Kisha akaifungua sensa, akaiunganisha na pampu ya mkono yenye geji aliyoiamini, akasukuma kPa 100 juu ya hewa ya nje. Jumla ilipaswa kuwa 185. Mashine ikaandika 225. Akashusha nusu, akapandisha tena, na kila mara makosa yalikuwa kwa uwiano uleule. Sensa iliyoharibika mara nyingi hurukaruka au huganda. Inayokosea kwa uwiano uleule kila hatua ni sensa nzima iliyowekwa kwenye gari lisilo lake.

Hiyo ndiyo kazi ambayo wengi huiita kukalibrisha sensa. Sensa ya kiwandani haina skrubu ya kurekebisha. Unailinganisha na geji ya kuaminika katika hatua kadhaa, na ikitofautiana na jedwali lake unaiweka pembeni. Kama ina masizi, nyunyizia dawa ya kusafishia taratibu na uiache ikauke. Usiichokonoe kwa sindano, kwa maana utando unaopima hewa ndani yake ni mwembamba na hautengenezeki.

Mpira wa interkula ulionekana injini ilipodondoshwa. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya silinda hedi. Mama yule alilipa vyote viwili, na sensa sahihi, na gaskiti, na siku za mzigo uliolala Iringa.

Wewe uliye na gari la turbo, ukiambiwa sensa imekufa, mwombe fundi afungue swichi mbele yako kabla hujatoa pesa. Muulize hapo mlipo hewa ni ngapi, na namba hiyo ameipata wapi. Akishafunga mpya, linganisheni namba ya spea na ya zamani, kisha msome tena. Fundi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, ondoa gari lako.