Kalamu Isiyoandika Kila Kitu

Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa hifadhidata aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tandem huko California, alitoa ripoti yenye swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza: kwa nini kompyuta husimama, na kifanyike nini? Ndani ya ripoti hiyo mna hesabu ndogo inayosimuliwa na wahandisi mpaka leo. Kati ya hitilafu 132 za programu zilizokutwa kwenye kumbukumbu za mifumo iliyochunguzwa, moja tu ilikuwa hitilafu sugu, ile inayojitokeza vilevile kila hatua zilezile zinaporudiwa. Zilizobaki zilikuwa za kuja na kutoweka. Kazi ikianzishwa upya, inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na fundi akiweka chombo cha kuzichungulia, chombo chenyewe kinaweza kuvuruga mambo kiasi cha kuzifanya zisitokee tena.

Gray aliziita Heisenbug, kwa utani juu ya Werner Heisenberg, mwanafizikia Mjerumani aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba mahali chembe ilipo na mwendo wake haviwezi kujulikana kwa usahihi kamili kwa pamoja.

Utani huo una kasoro. Ndani ya kompyuta hakuna fumbo la chembe. Kuna gharama tu. Hifadhidata ya benki huhudumia miamala mingi kwa wakati mmoja, kila muamala ukizifunga rekodi unazozigusa na kuzifungua ukishamaliza. Zipo hitilafu zinazozuka pale tu muamala mmoja unapoutangulia mwingine kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Ufuatiliaji ukiwashwa, kila tukio linaandikwa, na kuandika kunakula muda wa prosesa. Muamala wa kwanza unachelewa kidogo, wa pili unaupita, na mgongano uliokuwa ukiwindwa hautokei.

Hapo ndipo fundi wa kompyuta kubwa anapokanyaga, pengine bila kujua, uwanja wa zamani wa watawa na masufi. Anayetaka kujijua ajichunge kiasi gani? Je, nafsi inayoandika kila jambo lake inajijua zaidi, au inaacha kuishi ili ipate kuandika?

Mfano wa Db2, programu ya hifadhidata, unasaidia, kwa sababu walioiunda walilazimika kulijibu swali hilo kwa vitendo. Db2 ilitangazwa na IBM mwaka 1983 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa, zile ambazo mpaka leo hutunza hesabu za mabenki na makampuni ya bima. Ina ufuatiliaji wa aina sita: wa takwimu, wa hesabu za matumizi, wa ukaguzi, wa utendaji, wa monita na ule wa jumla. Kila aina imegawanywa katika makundi, na kila kundi lina matukio yake yenye namba. Kwa hiyo kuandaa ufuatiliaji ni kujibu maswali kabla ya kuona chochote. Aina gani? Kundi lipi? Programu ipi, mtumiaji yupi? Na maandishi yaende wapi: SMF, ambako mfumo mzima hutunza rekodi zake, au GTF, panapopelekwa ufuatiliaji mzito wa muda mfupi?

Amri yenyewe ni ya mstari mmoja. Msimamizi anaandika -START TRACE(PERFM) CLASS(3), anaongeza AUTHID ya mtumiaji anayeshukiwa, anamalizia na DEST(GTF), na kuanzia hapo sentensi za mtumiaji huyo za SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, zinaacha alama. Akiisahau AUTHID, matukio hayohayo yanaandikwa kwa watumiaji wote, na siku ya mishahara kusahau huko hakuchelewi kuonekana kwenye foleni. Kuhusu ufuatiliaji wa jumla, unaochungulia matumbo ya Db2 yenyewe, mwongozo wa IBM unashauri uzimwe kila hali inaporuhusu. Na pale panapoandikiwa pasipofikika, mfumo hutoa ujumbe DSNW133I, kukiri kwamba data ya ufuatiliaji imepotea. Aliyetaka kuona yote anaishia na daftari lenye mapengo, tena ameipunguzia kasi mashine aliyokuja kuiponya.

Mapengo ya namna hiyo yalimtesa binadamu mmoja karne tano zilizopita. Mwaka 1522 Inyasi wa Loyola, Mbaski aliyekuwa askari, aliungama dhambi za maisha yake yote katika monasteri ya Montserrat huko Katalunya. Aliziandika, na maungamo yakachukua siku tatu. Kisha akaenda mji jirani wa Manresa, na huko dhamiri ikamgeuka. Kila alipotoka kuungama alikumbuka kitu kidogo alichokiacha. Akirudi kukiungama, kingine kilijitokeza. Katika simulizi ya maisha yake, aliyomsimulia Mjesuiti mwenzake Luís Gonçalves da Câmara, anaeleza kwamba muungamishi alimwamuru asirudie mambo ya zamani isipokuwa yaliyo wazi kabisa. Haikusaidia kitu, kwa sababu kwake kila jambo lilikuwa wazi kabisa. Alifika hatua ya kushawishika kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake. Alipopata nafuu, aliipata kwa uamuzi: hataungama tena jambo lolote lililokwisha pita.

Ni vizuri kumtazama muungamishi yule bila kumdharau. Alijaribu kuweka kichujio, na kichujio chake kilikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba kilimtaka mgonjwa apime uwazi wa kila tukio baada ya kulikumbuka, yaani kazi yote nzito ilikuwa imekwisha fanyika kabla ya kichujio kugusa chochote.

Mtu huyohuyo baadaye aliandika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na ndani yake mna mbinu ambayo msimamizi wa Db2 angeitambua mara moja. Ni uchunguzi maalumu wa dhamiri. Asubuhi mtu anakusudia kujilinda na kosa moja, alilolichagua mwenyewe. Kila anapoanguka anaweka mkono kifuani, jambo linalowezekana hata mbele za watu bila wao kung'amua. Baada ya chakula cha mchana, na tena baada ya chakula cha usiku, anajihesabu na kutia nukta kwenye mistari ya siku hiyo. Kisha analinganisha siku na siku, juma na juma. Hatakiwi kusimulia kila anguko lilivyokuwa, nukta inatosha. Pembeni mwa huo upo uchunguzi wa jumla, mwepesi zaidi kwa kila jambo moja moja, kama vile mabenki yanavyoacha takwimu na hesabu za matumizi zikiwaka mwaka mzima na kuuwasha ufuatiliaji mzito kwa dakika chache tu.

Karne nne kabla ya Inyasi, Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu na sufi aliyefariki Tus mwaka 1111, alikuwa amekwisha upanga utaratibu unaofanana na huo. Kati ya vitabu 40 vya Ihya Ulum al-Din, cha 38 kinahusu kujichunga na kujihesabu. Kwake nafsi ni mshirika wa biashara aliyekabidhiwa mtaji. Asubuhi huwekewa masharti, mchana huchungwa ikiwa kazini, jioni hutolewa hesabu. Mpangilio huo una maana. Masharti yakikosekana, hesabu ya jioni haina kipimo, na mtu hubaki akipekua kumbukumbu zake zote kwa kuwa hajui anatafuta nini.

Lakini muumini ana haki ya kupinga. Mtoto wa chuoni Lamu au Unguja hufundishwa mapema kwamba malaika wawili, mmoja kulia na mwingine kushoto, wanaandika. Qur'ani inawataja waandishi watukufu katika sura ya Infitar, na katika sura ya Qaf hata neno la mdomoni halipiti bila mchungaji. Kama mbinguni kila kitu kinaandikwa, basi kuacha kuandika si udhaifu wa watu uliopambwa ukaitwa hekima?

Jibu limo katika mafundisho yaleyale. Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inaeleza jinsi matendo yanavyoandikwa. Aliyekusudia jema asilifanye, huandikiwa jema moja kamili. Akilifanya, kumi mpaka mia saba na zaidi. Aliyekusudia baya akaliacha, huandikiwa jema. Akilifanya, baya moja tu. Hadithi nyingine inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mwenyezi Mungu anajua yote, ya usingizini na ya utotoni. Daftari ni jambo jingine. Daftari limewekwa kwa ajili ya hukumu, na kwa kuwa lina kazi, lina kanuni: lipi liingie, kwa uzito gani, na kwa nani kalamu inyanyuliwe.

Tofauti kati ya kujua na kuandika ndiyo inayopotea pale watu wanapodhani kwamba kumbukumbu nyingi zaidi ni ujuzi mwingi zaidi. Kujua kwa Mungu hakumchelewishi mja hata pumzi moja. Binadamu, na mashine aliyoiunda, hulipia kila mstari wanaouandika, na malipo hutoka katika kazi ileile wanayoichunguza.

Bado kuna tatizo ambalo kichujio hakiwezi kulimaliza. Anayechagua cha kutazama anachagua pia cha kutokiona. Msimamizi anaweza kuishuku programu ya mikopo, akaifuatilia usiku kucha, kumbe kufuli linashikiliwa na kazi ya ripoti ambayo haikumpitia akilini. Mtu naye huweza kupambana kwa miaka na hasira yake, nukta zikipungua vizuri, wakati ubahili wake haujawahi kupewa mstari. Db2 ina amri ya -DISPLAY TRACE, inayoorodhesha ufuatiliaji uliowashwa. Haiwezi kuorodhesha ambao hakuna aliyewaza kuuwasha.

Ghazali aliliona hilo. Mahali pengine katika Ihya, kwenye kitabu cha malezi ya nafsi, anataja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: sheikh anayeziona, rafiki mkweli, kuchanganyika na watu na kujipima kwa anachokichukia kwao, na ndimi za maadui. Juu ya njia hii ya mwisho anasema huenda mtu akafaidika zaidi na adui anayemtajia aibu zake kuliko na rafiki anayemsifu na kumfichia. Adui hakuulizwa aina gani wala kundi lipi. Anatazama anakotaka yeye, kwa gharama yake mwenyewe. Benki nayo ina watazamaji wa namna hiyo, nao hawamo katika mwongozo wowote: ni wateja wanaopiga simu kwa hasira kwamba fedha zimekatwa mara mbili, na wakati mwingine simu hiyo ndiyo inayowapeleka mafundi kwenye programu ambayo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.